Kwanza Kisu, Kiti Nyuma

Miguu yake ilikuwa mirefu kuliko yeye mwenyewe. Anayetaka kucheka acheke, lakini waliowahi kutembea nyuma yake kwenye vilima vya Butembo wataniunga mkono. Alipovuka mfereji, mguu mmoja ulikuwa bado unaaga watu wa huku, na mwingine umekwisha kusalimia watu wa kule. Tulimwita Kapita. Kapita kwetu ni msimamizi wa kazi, yule anayepiga kelele wakati wengine wanabeba. Yeye hakusimamia mtu yeyote ila wageni waliotaka kutembea vijijini kwa starehe yao, kulala katika nyumba za watu, kula walichopika wenye nyumba, na kurudi mjini na malengelenge. Nadhani alikuwa na jina lingine. Lakini hata mke wake alimwita Kapita, hasa alipokuwa amekasirika.

Kazi hiyo aliianza wakati wa Wabelgiji. Wazungu walikuja Beni kutazama mlima wenye barafu, wakakuta mawingu, wakabaki wanazunguka kama kuku waliohamishwa. Kapita akawachukua na kuwapandisha vilima vyetu.

"Mulima iko pale," aliwaambia, akiuelekezea mdomo ukungu mtupu. "Leo amelala. Kesho tutamuona kwa kilima kingine."

Kesho yake, kwa kilima kingine, mlima ulikuwa bado umelala. Katika miaka yote niliyomjua sikuona mgeni aliyeuona mlima huo, wala sikusikia aliyelalamika. Bibi mmoja wa Kizungu, mwenye kofia kubwa kama paa la kanisa, aliutazama ukungu ule saa nzima akatokwa na machozi, akasema hajaona kitu kizuri namna ile tangu azaliwe. Kapita akavua kofia yake naye, kwa heshima ya ukungu.

Mimi nilimjua kwa sababu ya mvua. Mchana nilikuwa fundi wa matofali na jioni mwanafunzi wa masomo ya watu wazima, na mvua ikinyesha matofali hayakauki. Basi kila msimu wa mvua nilimfuata Kapita kubeba mizigo ya wageni. Nilikuwa na nguvu za ng'ombe wawili. Mmoja wao alikuwa mvivu, lakini wageni hawakujua ni yupi.

Kuhusu umbali, Kapita alikuwa mwongo ambaye serikali ingeweza kumtumia. "Ni hapo tu" kwake ilikuwa kitu chochote kati ya shamba la jirani na Uganda. Mgeni akizidi kuuliza, Kapita alimpimia njia kwa nyimbo za kanisa. Alikuwa Mprotestanti, tena mzee wa kanisa, na ingawa hakujua kusoma alikuwa na kitabu chote cha nyimbo kichwani, na beti zake zote. "Kutoka hapa mpaka kwa mto ni nyimbo ine. Kama umebeba mzigo, ni sita na ile ndefu ya Pasaka." Kisha aliziimba, ili kukuthibitishia. Sauti yake ilikuwa kama mlango wa ghala, ndege walihama, lakini hesabu haikukosea hata ubeti. Tatizo ni kwamba aliitoa hesabu ya kweli baada ya kufika. Wageni Wakatoliki, ambao hawakuzijua nyimbo zetu, walitembea gizani kabisa.

Nyumbani kwake hakutembea. Kanisa lilikuwa ng'ambo ya barabara, wimbo mmoja bila kiitikio, naye alifika mahubiri yakiwa katikati, akihema. Mkewe ndiye aliyemletea tumbako kutoka kibanda cha pembeni. Nilipomuuliza sababu, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini mpishi hapiki jikoni kwa jirani. "Kutembea ni kazi," alisema. "Mimi niko kwa congé." Yaani likizo.

Na kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, kanisa lilimkataza. Hakuinywa. Aliionja. Katika kila nyumba tuliyofikia aliionja kwa ajili ya usalama wa wageni, na siku nyingine usalama wa wageni ulidai vibuyu viwili.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakulidanganyia hata mara moja, nalo ndilo lililotaka kutuua.

Kapita hakumwingiza mgeni sebuleni. Alimpeleka moja kwa moja mlango wa jiko, akamwita mama mwenye nyumba, akamtangazia mgeni mzimamzima: anaitwa nani, anatoka wapi, anafanya kazi gani, na ana kasoro gani. "Mama, wavukire. Nimekuletea mutu. Huyu ni docteur wa meno. Anakoroma. Anaogopa kuku. Jana alikula maharagi akasumbua nyumba nzima." Mgeni alisimama pale akitabasamu, haelewi neno. Mama alimtazama toka viatu mpaka nywele, na kama hakumpenda alikuwa na haki ya kukataa. Wakikubaliana, mgeni hakupewa kiti. Alipewa kisu na ndoo ya viazi.

"Kwanza kisu, kiti nyuma," Kapita alisema. Nyuma maana yake baadaye, ukishamaliza ndoo.

Niliona watu wakubwa sana wakimenya viazi wamechuchumaa penye moshi. Niliona mkubwa mmoja wa shamba la kahawa, mtu aliyekuwa akituita sisi wote kwa mbinja, akigombezwa na mama wa kilo arobaini kwa sababu anamenya manene. Kule juu, kuelekea Kipese, viazi ni maisha ya watu, na ganda nene ni matusi. Ila mtu akishamenya viazi vya usiku huo, alikuwa wa nyumba ile mpaka avuke kilima kinachofuata. Akipotea, kilima kizima kilitoka kumtafuta. Akiumizwa, aibu ilikuwa ya mama mwenye kisu, na mama mwenye kisu hakubali aibu hivi hivi.

Siku moja nilimwambia: "Kapita, si unaweza kuficha kidogo? Kukoroma, maharagi, hiyo yote ni ya nini?"

"Mama analaza mutu chini ya paa moja na batoto wake. Lazima ajue ameingiza nini."

"Lakini umbali unadanganya kila siku!"

"Umbali hapana lala kwa nyumba ya mutu," akasema.

Dipanda, yaani uhuru, ilipokuja, Wabelgiji wakaondoka kwa haraka wakiwa na viatu vyao vya kupandia, na sisi tukafikiri Kapita amekwisha. Kumbe! Alisubiri ngoma zinyamaze, akavaa koti, akaenda mjini akasimama mbele ya ofisi moja baada ya nyingine. "Sasa ni zamu yenu," aliwaambia makarani. "Dipanda ni nini kama mutu mweusi hapana kwenda kutazama vilima bure bure?" Makarani wakamwambia wametoka vilimani ili wasivitazame tena. Lakini kulikuwa na watu wa serikali waliotumwa kwetu kutoka mikoa mingine, mbali na kwao, hawana shamba, hawana ndugu wa kutembelea Jumapili. Hao ndio aliowapata.

Wa kwanza alikuwa Mwalimu wetu wa masomo ya jioni, mtu wa Kasai, mwembamba, mwenye kravati nyeusi ambayo nilidhani amezaliwa nayo. Alikubali kwa sababu alikuwa na likizo na hakuwa na pa kuipeleka. Alitembea siku nne na kravati, na Madame wake nyuma na mwavuli, kila wimbo wakiketi. Alimenya ndoo tatu za viazi, zote vibaya. Aliporudi alisema kwamba tangu afike Butembo watu walikuwa wakimwita mutu wa serikali, na kule juu mama mmoja alimwita mharibifu wa viazi, na hilo la pili lilimfurahisha zaidi.

Miaka michache baadaye uasi ukafika.

Sitaki kuusimulia uasi. Kila mtu kwetu ana wa kwake. Nitasema tu lililotuhusu. Waasi walikuwa wakiwasaka watu wa ofisi, wenye kravati na karatasi, hasa wale wa mikoa mingine, kwa sababu walisema hao ndio walioila Dipanda peke yao. Mwalimu alikuwa yote hayo pamoja, na alikuwa na miwani juu yake. Sisi wanafunzi wanne tuliobaki tulikutana. Wenzangu walizungumza juu ya uhai wa mtu. Mimi, nisidanganye, nilifikiria pia kwamba mtihani ulikuwa karibu, na kwamba Mwalimu akiuawa hakuna mwingine wa kunipitisha. Tukaenda kwa Kapita.

Alikuwa kitandani, mchana, akipumzisha miguu.

"Mwalimu watamuua," tulimwambia.

Akafikiri. "Mais, lakini si ako na congé?"

"Congé gani, Kapita? Masomo yamefungwa kwa sababu ya vita!"

"Donc ako na congé. Basi aende congé."

Ndivyo tulivyoondoka, Mwalimu, Madame, Kapita na mimi na mizigo, asubuhi peupe, kama watu wa matembezi. Tulitembea wiki tano. Nyumba moja siku mbili, hata kama wenyeji wanatuomba tubaki, kisha kilima kingine. Kapita hakukubali kubadilisha chochote. Kwenye kila kilele alitusimamisha tuangalie mlima ambao umelala. Mwalimu, aliyekuwa na kila sababu ya kutazama nyuma, alilazimika kutazama mbele na kusema ni mzuri. Njiani alinifundisha, nami nikakariri huku ninahema, mizigo kichwani, mito yote ya Kongo kutoka juu mpaka chini. Nilitembea sana hata nikapungua urefu.

Katika wiki ya nne tukafika nyumba ya mama mmoja, juu kabisa, ambako ukungu huingia ndani bila hodi. Kapita alikuwa amewalaza wageni wengi kwa mama huyo tangu wakati wa Wabelgiji. Alasiri ile Mwalimu alikuwa amechuchumaa na kisu chake, Madame anapepeta maharagi, Kapita anaonja, mimi nimeegemea mlango. Ndipo kijana wa mama akaingia. Alikuwa ameondoka miezi mitatu kwenda kwa waasi, na mama hakuwa ametuambia, kwa sababu hakujua kama atarudi. Alikuwa na mkuki, majani kichwani, na njaa machoni.

Akamwona mtu wa kravati.

"Huyu ni nani?"

Kulikuwa na majibu mia moja. Mnunuzi wa viazi. Mhubiri. Shemeji. Nilikuwa nimeshaandaa matatu. Lakini Kapita alikuwa ameulizwa swali lake mwenyewe, mlangoni mwa jiko, akasimama, akavua kofia, akajibu kama alivyojibu siku zote.

"Huyu ni mwalimu. Anatoka Kasai. Analipwa na serikali. Anavaa kravati hata kwa choo. Hapana muchawi, hapana mwizi, lakini kwa viazi ni mutu mubaya sana."

Sasa, kwenye arusi na sikukuu, miaka mingi, nimesimulia kwamba wakati huo niliruka mlangoni na panga, nikamwambia kijana yule: pita juu ya maiti yangu. Watu walipiga makofi. Kapita alikuwepo mara nyingi, akila, na hakunibishia hata siku moja. Ukweli ni kwamba nilitoka mlango wa nyuma kabla hajamaliza kusema "serikali", nikajilaza kifudifudi kwenye shamba la maharagi. Shamba hilo liligusa ukuta wa jiko. Kwa hiyo yaliyofuata niliyasikia yote, na maharagi masikioni.

Kwanza nilimsikia Mwalimu, kwa sauti ile ya darasani: "Hapana. Kwa choo ninaivua."

Kisha mama: "Weye, funga mulango, moshi inarudi ndani."

"Mama, huyu ni adui ya batu!"

"Huyu ameshika kisu yangu. Amemenya ndoo muzima. Weye, miezi tatu, umemenya nini?"

Nikasikia chungu kikichemka. Nadhani kijana naye alikisikia, na tumbo lake likakisikia zaidi.

"Siwezi kukula," alisema, na sasa sauti ilikuwa ya mtoto wa nyumbani. "Dawa yetu inakataza chakula ya mukono ya mwanamuke. Nikikula, risasi inaingia."

"Haya. Kisu ingine iko pale. Menya yako, upike yako."

"Mama..."

"Nimesema menya! Na ile mukuki weka inje, inatoboa paa yangu."

Nikasikia mkuki ukiegemezwa ukutani, upande wangu, karibu na kichwa changu. Sikupumua nyimbo mbili. Halafu nikasikia visu viwili vikimenya, na baada ya muda Mwalimu akisema, taratibu:

"Kijana, unatupa nusu ya kiazi."

Alicheka Kapita kwanza. Halafu Madame, halafu mama, na mwishowe, akipigana na nafsi yake, kijana mwenyewe.

Niliona kwamba sasa naweza kurudi. Lakini kurudi mikono mitupu? Chini ya paa kilining'inia kibuyu. Nikakikamata, nikakimbia mpaka kijito, nikakijaza, nikaingia nikijifuta jasho. "Nilikuwa nateka maji," nilisema. Kapita akakipokea kibuyu, akakitazama ndani, akanitazama mimi, akasema, "Wasingya," yaani asante, akakiweka pembeni. Nikashukuru Mungu kwamba mzee haoni vizuri.

Asubuhi kijana alitusindikiza mpaka kilima cha pili. Alibeba mkeka wa Madame. Kwenye kijito akasimama. "Mupite juu," alisema. "Chini kwa barabara kuko benzangu, na bale hapana na mama hapa." Mwalimu akamnyooshea mkono. Kijana akautazama, kwa sababu dawa ilikataza na hilo pia, halafu akaushika haraka, kama mtu anayeshika sufuria ya moto.

Waasi walipoondoka tuliteremka. Nilifanya mtihani, nikafaulu, na hati yangu mpaka leo iko ukutani ndani ya kioo, nayo imenipatia kazi ya ofisi na kitambi. Mwalimu alihamishwa kurudi kwao, mzima, na miwani yake. Alimwachia Kapita ile kravati. Kapita alifungia nayo mbuzi.

Kisha maisha yakatutawanya. Nilikuwa na umri ambao mtu anaanza kuhudhuria mazishi mengi kuliko arusi nilipopata safari ya kikazi ya Beni, nikaambiwa Kapita anaishi Beu, mtaa mmoja wa mji huo, kwa mtoto wake. Nilimkuta amekaa nje kwenye kiti cha mianzi, miguu imetandazwa mbele mpaka karibu kwa jirani. Magoti yalikuwa yamekufa. Kila kitu kingine kilikuwa kinaongea.

"Beu ni mubaya," alisema kabla ya salamu. "Hakuna kilima. Mutu anaona yote mara moja, anabaki na nini ya kesho?"

Tuliongea mpaka kivuli kikavuka uwanja. Alikumbuka kila mgeni kwa kasoro yake. Mwishowe nikamuuliza lile lililonikaa miaka yote.

"Kapita, ile siku kwa mama. Mkuki uko mbele yako. Kwa nini ulisema kweli? Ulijua mama atamshinda kijana?"

Akanitazama kwa mshangao. "Mimi? Hapana. Nilisahau."

"Ulisahau nini?"

"Nilisahau kama kuko vita. Aliuliza huyu ni nani kwa mulango ya jiko. Mudomo ikajibu." Akatikisa kichwa. "Nilipomaliza ndiyo nikakumbuka. Nikasema, yo, Kapita, leo umemuua Mwalimu. Magoti yalianza kufa ile siku, hapana uzee."

Nikacheka hadi nikashika ukuta. Miaka yote nimemsifu kwa ushujaa, kumbe mtu alisahau! Nikaona kwamba basi tuko sawasawa, yeye na mimi, na nikajisikia vizuri sana. Nikamwambia nimesikia harufu ya chakula, na kwamba sina haraka ya kurudi hotelini.

"Nisimamishe," alisema.

Nikamsimamisha. Akaniegemea bega, miguu ile yote, tukazunguka nyumba hatua kwa hatua mpaka nyuma, na nilikuwa nimeshasahau kwa nini tunazunguka mpaka tulipofika mlango wa jiko. Mke wa mtoto wake alikuwa ndani, mama wa makamo, hajaniona maishani mwake. Kapita akavua kofia.

"Mama, nimekuletea mugeni. Huyu ni fundi, sasa ni mutu wa bureau. Ako na diplôme ya masomo ya jioni. Anasema bongo nyingi, uongo ya kwa arusi, lakini hapana mubaya, watu wanacheka. Ni mutu wa kubeba mizigo muzuri. Siku ya waasi alitoroka kwa mulango ya nyuma, akatuacha sisi tatu na mukuki. Akarudi na maji ndani ya kibuyu ya mbegu ya maharagi ya mama wa batu. Mama aliniambia nyuma, mbegu zote ziliota ndani. Walikula majani."

Nilitazama chini. Viatu vyangu vya ofisi vilikuwa na vumbi. Kapita hakunitazama, alikuwa anamngojea mama, kama kawaida, kwa sababu haki ya kukataa ilikuwa yake.

Mama yule alinipima toka viatu mpaka mvi. Akachukua muda wake. Halafu akainama, akasukuma ndoo kwa mguu mpaka mbele yangu, akanipa kisu.

"Menya membamba, baba," akasema.